Kamera Iliyovishwa Nailoni

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha viatu, limeegemea ukuta wa duka la taa, na mguu wake mmoja umeshikiliwa na tofali. Jioni nikishaweka chini sindano na uzi, tunakaa hapo kunywa kahawa ya Mama Birika na kujadili mambo tusiyoyajua. Yupo Injinia, anayeuza matangi ya maji na hajawahi kujenga hata banda la kuku. Yupo Profesa, anayetoa fotokopi nje ya ofisi za serikali na kujihesabu msomi wa kila karatasi iliyopita mikononi mwake. Na yupo Lenzi, fundi umeme, aliyepewa jina hilo majuzi tu aliponunua kamera na kuanza kuivaa kifuani hata akienda kununua mkate. Jumamosi mdogo wake wa kike aliolewa. Lenzi aligoma kabisa, hakuna kuajiri mpiga picha, harusi ya mdogo wake ataipiga mwenyewe. Jumatatu akatufikia na bahasha nene ya picha, uso umemshuka.

– Lete tuone, – Injinia akasema, akaivuta bahasha.

Akatoa picha ya kwanza. Akaigeuza juu chini, akairudisha, akampa Profesa. Profesa akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

– Miwani yako haina kosa, – nikamwambia. – Picha ndiyo iko hivyo.

Ilikuwa na ukungu toka pembe hadi pembe, na ndani ya ukungu vivuli vya watu. Tukapekua bahasha nzima. Zote zilikuwa hivyo.

– Hii harusi mlifanyia bafuni? – Profesa akauliza.

– Ukumbini. Taa zote zinawaka, nilizifunga mwenyewe.

– Basi pole.

– Sitaki pole, nataka kujua nimekosea wapi, – Lenzi akasema. – Mwezi mzima naangalia mafunzo kwenye simu, mpaka mke wangu amenuna. Nimefundishwa kushika kamera, viwiko vimebana mbavu. Nimefundishwa kutafuta mwanga. Nimefundishwa kusogea karibu. Na bibi yetu amevunjika nyonga, hakuweza kufika harusini. Tangu jana anaulizia picha amwone mjukuu wake. Nitampelekea hivi vivuli?

– Si upate za wageni? – nikamuuliza. – Kila mtu siku hizi ana simu.

Lenzi akakohoa, akamtazama Profesa.

– Niliwakataza. Nilichukua kipaza sauti nikasema simu zote mfukoni, zinaniharibia kazi.

– Nani alikutuma?

– Profesa.

– Na maneno yangu sirudishi, – Profesa akasema. – Mwanga wa ukumbi ni kama maji ya tangi. Kila mwenye simu akifungua bomba lake, wa mwisho anapata matone. Muulize Injinia.

– Hapo umesema, – Injinia akamuunga mkono. – Ila mimi nauona ugonjwa mwingine. Kaka, wakati wa kubonyeza ulibana pumzi?

– Nilibana. Ndivyo walivyofundisha.

– Ulibana mdomo au pua?

– Sikumbuki.

– Ndiyo hapo. Ukibana mdomo, pumzi inatokea puani, inapanda, inakwenda kukaa kwenye lenzi. Huu ukungu ni wako mwenyewe.

– Pumzi ya mtu mmoja ijaze ukumbi mzima? – nikasema. – Huyu ni fundi umeme, si birika.

Mama Birika akacheka mpaka akammwagia Profesa kahawa kwenye kiatu. Nikamwambia Profesa akilete kesho, bei ni ileile.

Wakati huo kamera yenyewe ilikuwa katikati ya benchi, na lazima niwaeleze hali yake. Mtaani kwetu kitu kipya hakivuliwi nailoni. Rimoti ya televisheni inakaa ndani ya nailoni mpaka namba zisomeke kwa kubahatisha, na sofa ya wageni ukiikalia unateleza. Ukikivua kitu nailoni, siku hiyohiyo kimekuwa mtumba. Kwa hiyo Lenzi alipoileta kamera, Injinia alimshauri aivishe, na sote tukasema Injinia leo ameongea. Akanunua ile nailoni laini ya kufunikia vyakula, akaifunika kamera yote: vifungo, kioo cha nyuma cha kuangalizia picha, na lenzi kwa mbele, ikavutwa vizuri, ikakazwa kwa mpira. Vumbi halipiti hapo.

– Hebu ngoja, – nikasema. – Ulipokuwa unaziangalia kwenye kioo cha nyuma, ukungu hukuuona?

– Niliuona. Nikajua ni nailoni ya kile kioo. Nikasema zikichapishwa zitatoka safi.

– Ulifikiri vizuri, – Injinia akasema.

Tukaitazama kamera, kila mtu na kikombe chake. Hapo tulikaribia sana kupata akili. Profesa akawahi kutuokoa.

– Uliigawa picha mafungu matatu? – akauliza. – Wataalamu wote wanagawa hivyo.

– Niligawa. Hilo somo nililirudia.

– Bibi harusi ulimweka wapi?

– Pembeni, fungu la tatu.

– Umeona sasa. Fungu la tatu ni la wageni wanaowahi kuondoka. Na nguo yake ilikuwa rangi gani?

– Profesa, ni bibi harusi. Nyeupe.

– Kamera changa ikikutana na weupe mwingi inapagawa. Inatakiwa ifundishwe polepole, leo kahawia, kesho kijivu, mpaka izoee. Wewe umeitoa dukani ukaipeleka harusini.

– Ningeianzishia wapi?

– Msibani. Watu wametulia, hakuna anayerukaruka, na hakuna atakayekufuata kudai picha.

Mama Birika akasema Mungu amsamehe. Profesa akasema kahawa imepoa.

– Mimi niulize moja tu, – Injinia akasema, akasogea kama daktari. – Mtu wa kwanza kumpiga picha na kamera hii alikuwa nani?

– Mama mkwe.

– Alikuwa amefurahi?

– Lini amefurahi yule?

– Basi tumemaliza kazi. Kamera ina kumbukumbu, hata boksi lake limeandikwa hivyo. Imeanza na uso wa mama mkwe, kila anayefuata anawekwa juu ya ule uso. Huu mnaouita ukungu ni mama mkwe wako.

Lenzi akaichukua picha moja akaitazama upya, na naapa alikuwa anamtafuta. Mimi nilitakiwa kucheka, nikajikuta naangalia naye.

– Nimwambie nini bibi? – akauliza mwishowe.

– Mwambie ndio mtindo, – Profesa akasema. – Siku hizi picha za harusi zinapigwa kwa mbali kidogo na ukweli. Mwambie mjini wanalipia ziada kwa ukungu huo.

– Na umwambie kwa kujiamini, – Injinia akaongeza. – Ukijiumauma atajua.

Lenzi alikuwa anayarudia maneno hayo kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyetumwa dukani, pale mdogo wake alipotokea kwenye kona ya duka la taa. Alikuja peke yake, bwana harusi hayupo. Nywele bado zilikuwa na msuko wa Jumamosi. Mkononi alishika picha moja.

– Shikamooni.

– Marahaba, bibi harusi, – tukaitikia. Injinia akamsogezea nafasi kwenye benchi. Hakukaa.

– Kaka, wifi amepitisha hii kwa bibi mchana, – akasema. – Nilikuwepo.

– Mdogo wangu, hizo picha zina maelezo yake. Siku hizi mtindo ni…

– Ngoja nimalize. Bibi ameishika muda mrefu. Akasema nimuwashie taa, nikawasha. Akasema nimletee miwani ya babu, nikamletea. Halafu akaniuliza mimi ni yupi.

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha, maana mtu akikufokea unapata pa kujibia.

– Nimeitazama, kaka, nimeshindwa kumwonyesha. Bibi akarudisha miwani mezani, akasema basi macho yake ndiyo yamekwisha, akageukia ukutani akalia. Nimemwambia si macho yake. Haniamini, anasema namwonea huruma.

Akaiweka picha juu ya benchi, kando ya kamera.

– Nimesikia hapa mnaijua sana kazi ya picha. Nionyesheni nirudi nikamwonyeshe. Mimi ni yupi?

Tukainama wote wanne. Ukungu, vivuli, kingo za kitu ambacho huenda ni meza. Profesa akanyoosha kidole, akakirudisha mfukoni. Injinia hakuwahi kushindwa na swali tangu nimjue.

– Huyu hapa, – akasema. – Huyu mweupe mrefu, aliyesimama katikati. Anang'aa.

– Hiyo ni keki.

Mama Birika akaacha kumimina. Mimi nilishika kiatu cha mteja nikajifanya natafuta tundu, na aibu imenijaa mpaka masikioni. Mdogo mtu akatuacha sisi, akamgeukia kaka yake.

– Wewe je, kaka?

Lenzi akaiokota picha. Ndiye aliyekuwa anambeba mgongoni huyu binti mama yao akiwa kazini, na ndiye aliyemshika mkono Jumamosi kumpeleka mbele ya mumewe. Akaisogeza karibu na macho, akaipeleka mbali, na kidole chake kikawa kinatembea juu ya ile karatasi, kinatembea, kinakosa mahali pa kutua.