Uji wa Asali Uliokimbiza Moyo

Ndugu wanakijiji, mwenyekiti ameniambia niseme kwa ufupi. Mnanijua, nitajaribu.

Mwaka ule tulipohamia hapa Kwihara, mlinibeba kwa machela hadi mjini, vidonda vya tumbo vimenishinda. Madaktari wakanipasua, wakaondoa kipande cha tumbo. Nikarudi. Mke wangu, kwa furaha, akanipikia uji, akautia asali nyingi.

Sikukaa kitambo, jasho likanitoka, moyo ukadunda, miguu ikaishiwa nguvu. Nikalala mkekani. Nawaambieni, ulikuwa usingizi mtamu wa ajabu: niliona wapagazi wa misafara ya zamani wakipita njia yetu hii, kimya, vumbi haliinuki, nami natamani kuwafuata. Nilipozinduka nililia.

Ikawa kila asubuhi ni uji, kisha wapagazi. Nikawaza, huyu mwanamke ananilisha nini? Na mdomo wangu hauna breki, mnaucheka kila siku. Nikayasema hapahapa mkutanoni, kwamba ananitilia sumu. Akafunga mizigo yake. Akaenda kwao Ipuli.

Nikadhoofu, nikarudi hospitali. Asubuhi muuguzi akaniletea uji wenye sukari tele. Nikanywa, na wapagazi hao wakaja. Mke wangu hakuwepo hata karibu. Ndugu zangu, niliona aibu kuliko nilivyowahi kuogopa kufa.

Daktari akakaa kitandani kwangu. "Mzee, tumbo lako sasa halizuii kitu. Utamu unamwagika ghafla kwenye utumbo, nao utumbo unatoa vichocheo vinavyoingia kwenye damu. Mishipa inalegea, damu inapungua kichwani, moyo unakimbia ili kuirudisha. Kula kidogo kidogo, acha asali, ukishakula jilaze." Nimefanya hivyo. Wapagazi hawaji tena, na siku nyingine, nisiwafiche, nawakumbuka.

Nikaenda Ipuli. Nikamwamkia mama mkwe shikamoo, akaitikia marahaba bila kunipa kiti. Mke wangu akasema, "Nimekusamehe. Lakini uliyasema mkutanoni, kayafute mkutanoni."

Namshukuru daktari, na muuguzi, na nyinyi mlionibeba. Ukiugua, ndugu yangu, uliza mwili wako kwanza kabla hujamtafuta mchawi jikoni.

Yule pale mlangoni, amekataa kuketi. Mke wangu, nilikusingizia mbele ya watu hawa. Uji wako haukuwa na kitu ila asali. Nimemaliza. Karibu ukae.