Debe na Kwaya ya Mbinguni

Kijiwe chetu cha Unyambwa ni gogo lililolazwa mbele ya duka la ushirika. Tangu tuhamie kijiji cha ujamaa mwaka jana, hapo ndipo tunaposubiri sukari na kubishana, na basi la Kiomboi nalo husimama hapo likipenda. Jumamosi ile birika la kahawa lilikuwa bado la moto alipokuja Filipo, tunayemwita Debe kwa ajili ya sauti yake, akaketi bila salamu. Mwaka huu amefiwa na mkewe Dina, mwimbaji ambaye kanisa letu halijapata mwingine kama yeye. Debe asiposalimia ujue kuna jambo.

— Nimetolewa kwenye kwaya, akasema. Mwalimu wa kwaya kasema kwa sauti hii hata mbinguni nitawekwa nje.

— Pole, ndugu yangu, nikamwambia. Lakini kwaya si ugali.

— Silii kwaya mimi. Dina yuko kule anaimba. Nikiwekwa nje nitamwonea wapi?

Hapo wakaingia wataalamu. Alute, balozi wetu wa nyumba kumi, jina lake la kijiweni ni Kikao.

— Mbinguni ni kijiji cha ujamaa kilichokamilika, Kikao akasema. Wanaimba kwa nyumba kumi kumi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Na asiyejua kuimba?

— Anapewa jembe.

— Mbinguni kuna jembe?

— Ujamaa bila jembe umeuona wapi?

Simeoni, mstaafu wa reli kule Manyoni, tunamwita Stesheni. Akakohoa kwanza.

— Msimdanganye mtu. Ufunuo unasema wale wanaimba Mtakatifu, Mtakatifu, usiku na mchana, hawapumziki. Sasa kazi ya namna hiyo lazima iwe na zamu. Haraka haraka haina baraka. Debe atapangwa usiku, watu wamelala.

— Na Dina?

— Mchana. Waimbaji wazuri wote mchana.

Debe akashika kichwa.

— Tena ule wimbo mpya, Stesheni akaendelea, hawaujifunzi ila watu mia na arobaini na nne elfu. Imeandikwa.

— Dunia nzima? Kikao akaruka. Basi nafasi zitagawanywa kimkoa! Singida tukipata mia mbili tushukuru. Dodoma watapendelewa, si unajua makao makuu yanahamia kwao?

— Na Wagogo wanajua kuimba kweli, nikasema mimi, nikajuta palepale, maana Debe alianza kulia.

Mwisho wa gogo alikuwa ameketi mama mmoja mgeni, Febronia, na tenga lake la kuku, akisubiri basi.

— Shikamooni, wazee. Naomba kuuliza.

— Marahaba, mama. Uliza.

— Huyo Dina, mlipomzika mliimba?

— Toka nyumbani mpaka kaburini, Kikao akajibu.

— Na mzee huyu?

— Huyu? Stesheni akacheka. Alipaza kuliko kwaya nzima. Mbuzi walikimbia!

— Nani alimnyamazisha?

Kwetu msibani anaimba kila mtu, mwenye sauti na asiye nayo, na wa kumnyamazisha mfiwa bado hajazaliwa. Jambo hilo tunalijua sote, na hakuna aliyelikumbuka.

— Hata mwalimu wa kwaya alinishika mkono kunifariji siku ile, Debe akasema polepole. Nikaimba mpaka mwisho.

Basi likapiga honi. Mama akajitwika tenga lake, akaaga, akapanda. Debe akajifuta uso kwa kiganja. Kisha akasimama mbele ya foleni nzima ya sukari, akauanza wimbo ule wa mazishi.

Aliimba vibaya sana. Tukamwitikia.