Mama Zambarau na Konokono wa Chupa Namba 212

Marehemu alifariki dunia Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika wodi ya figo, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, mbele ya mume wake na binti yake.

Alizaliwa tarehe 4 Agosti 1958, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi wa kutengeneza cherehani na muuguzi, akasoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, sekondari hadi 1976, kisha chuo cha ufundi wa maabara, na tarehe 2 Januari 1979 akaajiriwa katika maabara ya viumbe vya bahari, chumba cha mwisho, chenye dirisha moja lisilofunguka, alimofanya kazi miaka thelathini na tisa. Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983 na dereva wa winchi bandarini, wakajaliwa binti mmoja na mwana mmoja.

Tarehe 9 Februari 2001, maji yalipokupwa, alipindua jiwe mwambani akakuta konokono wa baharini asiye na gamba, urefu wa pingili ya kidole, wa manjano mwenye mistari, ambaye hakuwa katika kitabu chochote alichokijua, na kwa kuwa kamera ilikuwa imefungiwa kabatini, mkuu wake yuko likizo, na mnyama ameanza kulegea kwa joto, alimtumbukiza kwenye spiriti, chupa namba 212, bila picha. Kesho yake, alipokaa kuandika maelezo, konokono alikuwa mweupe kama yai lililomenywa. Mwenzake wa meza ya pili anakumbuka alivyosema, "Kaka, nimeua rangi," kisha akaandika kwa kumbukumbu: mistari ya zambarau.

Meno ya konokono huyo, aliyoyapima kwa darubini, hayakufanana na ya aina yoyote iliyokwisha kuelezwa, lakini andiko lake la 2003 la kumtangaza kuwa aina mpya lilirudishwa na jarida la sayansi, kwa kuwa kielelezo kilikuwa kimoja na hakikuwa na picha. Hapo ndipo alipofungwa na konokono huyo, akawa anakwenda mwambani kila maji yakikupwa sana kumtafuta wa pili. Mwaka 2006 alikataa cheo makao makuu, mumewe akahamishiwa bandari nyingine akaenda peke yake, na mwaka 2011 binti alihitimu chuo mama akiwa mwambani, maana siku hiyo ilikuwa ya bamvua na maji yalikupwa sana. Kazini walimwita Mama Zambarau, wakimtania, "Mama, huyo bwana hajarudi tu?" naye akijibu kwamba bado anachagua nguo. Nyumbani hakuna aliyecheka. Alipoombwa aache, alisema, "Nikiacha leo, kesho atatokea," na maji yalipokupwa tena akaenda.

Kuanzia Juni 2022 figo zilishindwa, akawa anasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwenye kiti kilekile, jedwali la maji kupwa na kujaa likiwa mapajani, akiwasihi wauguzi wambadilishie siku, nao wakishindwa kwa kuwa mashine zilikuwa nne na wagonjwa wengi.

Jumatano tarehe 2 Oktoba 2024 mwenzake wa meza ya pili alikwenda mwambani kwa niaba yake, akapata konokono wawili wa manjano, akawapiga picha wakiwa hai, mistari yao ikiwa nyekundu ya tofali, na meno yao, yalipopimwa, yalilingana na ya yule wa kwenye chupa. Alipomletea marehemu picha alikiri kwamba aliwahi kuwaona wa namna hiyo mara mbili, mwaka 2009 na 2016, akawaacha, kwa sababu aliambiwa atafute zambarau. Mashine ilipomaliza, marehemu alisema, "Andika ulichokiona, kaka. Mimi niliandika nilichokumbuka." Tarehe 24 Februari mwaka huu, akiwa hawezi tena kukaa, alisomewa andiko jipya lote, akaagiza kosa la rangi liandikwe humo kwa jina lake, akatia sahihi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopokezana kumbeba hadi kwenye gari mara tatu kwa wiki, na wafanyakazi wenzake, hasa wa meza ya pili, ambaye tunamwomba asijilaumu. Mama, pumzika, maji yapwe na yajae bila wewe.

Andiko lilitumwa Jumatano tarehe 26 Februari, saa tatu asubuhi, na hadi historia hii inasomwa, jarida halijajibu.