Shamba Lililotazamwa Kutoka Barabarani

Benchi la Lameck muuza kahawa, pale njia panda ya Hirbadaw, linatosha watu watatu, lakini kelele zake ni za watu kumi. Asubuhi hiyo Basili alikaa pembeni, kikombe mkononi, moyo mzito. Mwaka ule viwavijeshi vamizi walikuwa wameingia kwenye mahindi, na majani ya eka zake mbili yalikuwa yamejaa matundu. Alishakata tamaa. Alikuwa amemwambia Gidahosh, mfugaji wa kule tambarare aliyekaa naye benchi moja, alete ng'ombe mchana ule waje kula kila kitu, na Basili apewe mbuzi jike mmoja. Mbuzi mmoja badala ya chakula cha mwaka mzima cha watu saba! Na ng'ambo ya njia, shamba la Mama Gaudensia lilikuwa la kijani mpaka linakera.

— Hivi hawa wadudu mbona hawavuki njia? aliuliza Lameck akimimina kahawa.

— Tarehe, bwana, alisema Yoakimu, anayeitwa Bwana Shamba kwa sababu siku moja alimbebea begi bwana shamba wa kweli. — Mama alipanda mvua ya kwanza. Wadudu wamefika, mahindi yake yana mwili. Ya Basili ndiyo kwanza yanachipua.

— Nilikuwa nasubiri trekta, Basili alijitetea.

— Trekta kwa eka mbili?

— Nilitaka mistari inyooke.

Wakamcheka, na walikuwa na haki. Basili alikua akiyatazama mashamba makubwa ya ngano, zao moja mpaka macho yanachoka, akaapa na lake litakuwa hivyo. Maharage na maboga ambayo marehemu mama yake aliyachanganya na mahindi, akayafukuza yote. Kwa Mama Gaudensia vyote vipo, ukiingia hujui pa kukanyaga.

— Ndiyo hapo sasa! Gidahosh alidakia. — Mdudu akiingia kwa mama anapotea. Huku boga, huku haragwe. Anachoka, anarudi kwa Basili kwenye njia zilizonyooka.

— Na wale nyigu na buibui je? alisema Lameck. — Mama hapulizi dawa hovyo. Ana jeshi lake mle ndani.

— Hayo madogo, alisema Bwana Shamba. — Ni upepo wa mlima. Unashuka toka Hanang, ukifika kwa mama unapinda kulia. Nimeupima.

— Umeupima kwa kitu gani?

— Kwa kofia.

— Mimi nasema wanamwogopa tu, alisema Gidahosh. — Mimi hapa, mtu mzima na fimbo yangu, akinitazama natafuta pa kuficha mikono. Sembuse kiwavi!

Hilo hakuna aliyelibishia. Mjane wa miaka sabini, analima kwa mkono wake, na ghala lake halijawahi kukauka. Walimpenda, na walimhusudu kidogo.

Mara huyo akatokea, gauni limelowa umande, vidole vya kijani.

— Shikamoo mama!

— Marahaba wanangu. Basili, nasikia leo unawalisha ng'ombe mahindi.

— Ndiyo mama. Yamekwisha.

— Wadudu wako ni wa ukubwa gani?

Basili alizungusha kikombe mkononi.

— Wakishanenepa wanazama ndani ya mche, hapo lisha ng'ombe tu. Wakiwa wadogo unawaminya. Sasa, ni wa ukubwa gani?

Basili alimtazama Bwana Shamba. Bwana Shamba akaitazama kofia yake. Tangu majani yaanze kutoboka, si mwenye shamba wala mshauri wake yeyote aliyekuwa ameingia mle. Wote waliangalia kutoka barabarani. Basili aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

Aliweka kikombe, akaingia shambani. Akafunua moyo wa mche wa kwanza, pale majani machanga yanapojikunja. Kiwavi alikuwemo, mfupi kuliko punje ya mchele. Wa pili, vilevile. Wa kumi, vilevile. Hakuwahi kudhani angefurahi kumwona mdudu.

— Gidahosh! alipaza sauti. — Ng'ombe wasije!

Alipogeuka, Mama Gaudensia alikuwa ameinama kwenye mstari wa pili, anaminya, na nyuma yake Gidahosh, fimbo ameilaza chini, anauliza waanzie mche upi.