Aibu ya Mwosha Maiti

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Wakubwa zangu, shikamooni. Leo sikusimama kutangaza msiba. Nasema la kwangu, na anayetaka kucheka acheke.

Mnanijua hapa Juani, ndimi ninayeosha maiti wa kiume. Basi miaka ile hifadhi ya bahari ilipokuwa inatubadilishia sisi wavuvi nyavu za zamani kwa mpya, nilianza kuona damu chooni. Nikajiambia ni bawasiri. Nikachemsha mizizi, nikanywa mwaka mzima, mke wangu nimemficha. Nikakonda hata kuvuta nanga nikawa siwezi.

Daktari wa Kilindoni akaniambia niende Dar es Salaam, wanipitishe mpira wenye kamera kwa njia ya nyuma, waone utumbo mpana. Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilikataa. Mtu mzima na ndevu zangu, nivuliwe nguo mbele ya manesi? Nikarudi nyumbani na damu yangu.

Mke wangu alipokuja kuona damu kwenye nguo zangu, nikamweleza yote, hata kipimo nilichokikataa; hakulia wala hakugomba. Aliniuliza tu, "Baba Mwanahawa, umewakamua matumbo maiti wa kiume wangapi kwa mkono wako? Umepata kumcheka nani?"

Nikamwambia hakuna.

"Basi waache na madaktari wafanye kazi yao, ungali unapumua."

Wiki ile ile tukavuka kwenda Dar es Salaam.

Hospitalini waliuliza dawa zote ninazotumia, nikaitaja na mizizi. Siku moja kabla nilikaa kwa vinywaji tu na dawa ya kuharisha, mpaka yakatoka maji matupu. Hapo nilipata tabu, sifichi. Kesho yake wakanichoma sindano ya usingizi. Nilipoamka, walishakiona kinyama kilichoota utumboni, kama punje ya kunde, na kukikata humo humo, bila kunipasua. Wakanionya, tumbo likiuma sana au damu ikizidi, nirudi mbio. Majibu ya kile kinyama yalisema hakijawa saratani, ila kingeachwa kingefika huko. Nililia mbele ya watu.

Namshukuru Mungu, mke wangu, na madaktari wale. Nanyi majirani mliotulishia watoto, Mungu awalipe.

Mwenye kuona damu chooni asione haya, aje kwangu tuzungumze wawili. Nitakusindikiza mpaka kwenye boti. Kuitwa nyumbani kwako nije kukuosha, hilo sitaki.