Muwa Niliouficha Kwenye Kanga

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Na wewe unayesinzia pale nyuma, asifiwe pia. Mimi Bibi Tausi wa Ruaha, shule sijaenda, ila masikio ninayo.

Mkwe wangu Neema alipata mimba, akawa na kiu isiyoisha. Kliniki wakampima. Nesi, kwa ile sauti yake ya puani: “Mama, sukari iko juu. Acha vitamu, uchome sindano za kuishusha. Hii inaharibu moyo wa mtoto tumboni.”

Nikacheka. Ndugu zangu, sisi Ruaha tumekua kwa muwa. Nikajua sukari ni ile ya dukani, muwa ni mmea tu kama mchicha. Kila jioni namenya vipande, naficha kwenye kanga, nampelekea. “Mama, nesi amekataza.” “Kula mwanangu, yule nesi hata hajazaa.” Mkwe gani atabishana na mama mkwe? Akala.

Mimba ikawa kubwa, wakampiga picha tumboni huko Morogoro. Daktari anaongea taratibu kama anapita kwenye tope: “Bibi... ukuta wa moyo wa mtoto... umenenepa. Unapiga kwa shida. Nyumbani anakula nini?” Nikasema mwenyewe: muwa, na mimi ndiye nampa. Neema akageuzia uso ukutani. Bora angenitukana.

Kurudi nyumbani, jirani yangu Mama Siwema, yule pale benchi la tatu: “Shoga, huyo si wa kukaa. Msinunue hata nepi.” Nikanunua! Nikazianika kambani upande wake, mtoto bado yuko tumboni.

Muwa nikaupiga marufuku. Sindano nikazisimamia asubuhi na jioni, mboga nikapika mwenyewe, magoti yakaota sugu kwa maombi. Mtoto akazaliwa kwa kisu, anahema kwa shida, wakamwekea oksijeni. Nikamwambia Shetani, huyu humpati. Kila tuliporudishwa kupimwa tulikwenda, mpaka siku ile: “Bibi... ukuta... umerudi sawa.” Namshukuru Mungu, na Neema aliyenisamehe.

Wewe mwenye mimba, kapime sukari mapema. Mtegemee Bwana, na nesi umsikie. Mama mkwe akikuletea kitu kwenye kanga, mwambie Bibi Tausi amekataza.

Mtoto huyu hapa, Baraka. Njooni mtege sikio kifuani. Mama Siwema, anza wewe.