Mwalimu wa Kidimbwi cha Nyuma ya Darasa la Tano

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha sayansi katika shule hii ya msingi, mwalimu wetu anastaafu rasmi tarehe thelathini Novemba. Kamati ya sherehe imetuomba sisi wa sekondari, tuliopita mikononi mwake, tuandike wasifu huu. Tumeambiwa uwe wa kuchangamsha. Tumejaribu.

Alipofika hapa alikuta shimo nyuma ya darasa la tano, mahali mafundi walipochimba udongo wa matofali. Maji ya mvua yalitiririka humo kutoka paani. Walimu wenzake walitaka lifukiwe. Yeye aliomba mwaka mmoja tu. Mwaka huo mwani ukaota, viluwiluwi wakaja kula mwani, samaki wadogo aliowaleta kwa ndoo wakala viluwiluwi, na mwishowe mdiria, yule ndege mla samaki, akaanza kutua kwenye waya wa uzio akiwavizia samaki. Mwaka mmoja ukawa thelathini. Wanafunzi wakampa jina la Mwalimu Kiluwiluwi, naye akaliitikia bila kinyongo.

Hakuna aliyesoma kwake akasahau somo la maji. Wanafunzi wanne walisimama kwenye mstari, kila mmoja akiigiza kiumbe. Wa kwanza, mwani, alipewa lita nzima: hiyo ndiyo nguvu aliyoipata kwenye jua. Alimpa kiluwiluwi kikombe kidogo, sehemu moja ya kumi, na maji mengine yote yakamwagwa chini, kwa sababu kila kiumbe hutumia nguvu nyingi kwa kuishi tu, nazo hupotea kama joto. Kiluwiluwi alimpa samaki vijiko viwili. Mdiria, mwisho wa mstari, alipata matone. Mwaka mmoja aliyeigiza mdiria alikuwa mlaji mkubwa kuliko wote darasani. Alitazama kiganja chake akasema, "Mwalimu, kumbe ubosi wenyewe ndio huu? Naomba nirudi kuwa mwani." Mwalimu alicheka hadi akakaa chini, kisha akasema somo limekwisha, mwenzenu ameshalimaliza.

Miaka minane iliyopita wazazi walikuja kusafisha shule kwa ajili ya wageni. Kwa nia njema walikwangua mwani wote na kusugua mawe kwa sabuni, kidimbwi kikang'aa kama sahani. Mama mmoja alimwita kwa fahari: "Njoo uone, Mwalimu, sasa hata mtu anaweza kujitazama humu." Mwalimu alimshukuru. Baada ya wiki mbili viluwiluwi walikuwa wamekufa, kisha samaki, kisha mdiria akaacha kuja. Mwalimu hakumlaumu mtu. Aliwapa wanafunzi daftari waandike kila siku walichokiona, hata siku ambazo waliandika "hakuna kitu". Ilichukua miaka mitatu uhai kurudi.

Safari hii hautarudi. Jumatatu baada ya sherehe kidimbwi kitafukiwa ili vyoo vipya vijengwe. Vyoo vinahitajika, foleni ya asubuhi kila mtu anaijua, na hatuna wa kumkasirikia. Mwalimu aliandika barua tatu akiomba kichimbwe kingine kando ya uzio. Alijibiwa kwa heshima kwamba hakuna atakayekitunza, kwa kuwa nafasi yake haitajazwa. Sayansi itasomwa kitabuni, na mwalimu yeyote asiye na kipindi saa hiyo ndiye atakayesimamia darasa.

Wiki iliyopita tulimsaidia kuhamisha viumbe kwa ndoo hadi kwenye mtaro nje ya uzio. Tulimwuliza kama wataishi. Kwa kweli tulitaka atudanganye kidogo.

"Wachache, wanangu," alisema. "Labda hata hao wasiishi. Mtaroni hakuna mwani."

Siku ya tatu tuliwakuta samaki wakielea. Mdiria alikuwa bado kwenye waya, akiyatazama maji ya kidimbwi ambayo hayana kitu.

Mwalimu, asante kwa kutufundisha kutazama. Tungependa kukuaga kwa ahadi kwamba tutachimba kidimbwi kingine. Tumezunguka uwanja wote na kamba ya kupimia, tumebisha hodi kila ofisi, na kila mlango tumejibiwa vizuri na kurudishwa. Kwa hiyo hatuwezi kukuahidi kitu. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na siku nyingi za utulivu nyumbani pamoja na mama na wajukuu. Jumatatu, tafadhali, usipite huku.